Kikombe cha Mganga

Akiwa msichana, Médiatrice wa Ilembo alianza kuburuza miguu kama baba yake. Daktari alimweleza kwamba ndani ya seli mna mitokondria, vitu vidogo vinavyozalisha nguvu. Vikikutana, utando wa kimoja huungana na wa kingine, vikawa kitu kimoja na kusaidiana. Kwake haviungani vizuri kwa sababu ya kasoro ya kurithi, ndiyo maana mishipa ya fahamu inayofika miguuni inakufa. Dawa ya kuponya hakuna.

Shangazi yake Aurélie hakuridhika. Akamleta mganga mwenye kucha nyeusi, naye mganga akachanganya nyongo ya kuku na mate yake mwenyewe kikombeni.

"Kunywa, mwanangu. Umerogwa," shangazi alisema.

Harufu ile ikampanda Médiatrice kooni, akatapika mkekani. Mganga akacheka, akachovya kidole ili ampake mdomoni. Médiatrice akausukuma mkono ule kwa kinyaa.

"Shangazi, huyu atoke. Baba alinyweshwa uchafu huu mpaka akafa, na miguu haikupona."

Aurélie akamfungulia mganga mlango.

Siku hizi Médiatrice anatembea kwa fimbo, na anashona sare za shule kwa cherehani ya mkono. Harufu ya nyongo bado humtia kichefuchefu.