Studio Katika Stoo ya Mahindi

Mjinga akinyamaza, watu wanaweza wasimjue. Mimi nilinunua maikrofoni.

Nikajipa cheo cha prodyuza, hapa hapa Sumbawanga, nyumbani kwa mama, jitu zima lenye ndevu. Studio ilikuwa stoo ya mahindi. Nilikuwa nimesikia kwamba chumba cha kurekodia kinataka kitu kizito ukutani cha kumeza mwangwi, na sisi Wafipa kitu kizito tulicho nacho ni magunia. Nikayapanga mpaka karibu na dari, nikaacha nafasi ya kiti kimoja. Ukipiga makofi mle ndani, sauti inafia palepale. Nilijiona mtaalamu, jamani!

Mama alikubali kwa sharti moja. Yale mahindi ndiyo chakula chetu mpaka mavuno mengine, kwa hiyo niyatie dawa ya fukusi, wale wadudu wanaotoboa punje, na kila mwezi nifungue magunia mawili matatu nitazame. "Umenisikia, baba?" Nikasema nimesikia. Sasa dawa yenyewe ni ya unga, na vumbi lake likiingia kwenye maikrofoni, basi tena. Nikaificha nyuma ya pipa. Alipouliza kama nimetia, nikamjibu tayari, kwa macho makavu kabisa.

Mwalimu wangu alikuwa mzee mmoja anayefunga vyombo vya kwaya parokiani, mtu wa maneno machache na dharau nyingi. Nilimpelekea wimbo wangu wa kwanza: gitaa, sauti yangu, na madoido yote niliyoyakuta kwenye kompyuta. Akasikiliza, akavua hedifoni taratibu. "Sasa hapa aliyeimba ni nani, wewe au mashine?" Akaniamuru nirekodi sauti tupu, bila kugusa kitufe chochote, mpaka nijue kila kilichomo. "Na ukisikia kelele usiifute. Inuka, katafute inatoka wapi."

Nikarekodi. Kweli, mwezi wa kumi hivi, chini ya sauti kukawa na kitu: krr, krr, kidogo kidogo, hakikomi. Mwenye akili angeinuka. Mimi nilibadilisha waya. Nikabadilisha soketi. Nikamlaumu jirani mwenye mashine ya kuchomelea, ambaye maskini alikuwa ameteremka bondeni Muze wiki nzima. Mwishowe nikaona mzee ananichelewesha bure, nikashusha programu ya kufuta kelele. Bonyeza mara moja, kimya! Nikajipongeza. Kila kelele ilipoongezeka nami nikaongeza dozi, hadi nikasikika kama mtu anayeimba ndani ya ndoo.

Januari gunia la jikoni likaisha, mama akaja stoo kuchukua jingine. Mimi nikaona huo ndio wakati wa kutamba. Nikamvika hedifoni, nikamwekea kwanza rekodi mbichi, ili nikimwekea iliyosafishwa aone mwanawe ni fundi wa namna gani. Hakungoja ya pili.

"Mbona hao ni fukusi?"

Nikataka kucheka. Yeye alishafungua gunia la kwanza na kuingiza mkono. Ukatoka na vumbi na maganda matupu. La pili vilevile. Akaendelea kufungua moja baada ya jingine, nami nimesimama pale natamani anizabe kofi tuyamalize. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu; mimi nilisikia la wakuu wawili, tena kwa hedifoni. Tuliokoa magunia mawili tu.

Mfipa mwenye shamba kununua mahindi sokoni, hiyo ni aibu ya kuinamia chini. "Tunakwenda wote," mama akasema, "na debe utabeba wewe." Muuzaji tuliyemkuta alikuwa mama mmoja wa Kaengesa tuliyepakana naye shamba. Alimtazama mama, akalitazama debe.

"Dada, hata wewe? Kwani mwaka huu hamkupata?"

"Tulipata sana," mama akamjibu, akininyooshea kidole mbele ya soko zima. "Huyu hapa aliyarekodi yakiliwa."