Rudisha Sita za Sumaili

Mume wangu Sumaili alikuwa fundi wa nguo katika soko la Kasongo, na kuna waimbaji huko mji mkuu, Léopoldville, waliomwogopa bila kumwona hata siku moja. Mimi Faida ndiye mkewe. Nimefua kanzu zake miaka ishirini, kwa hiyo mtu asiniambie eti natia chumvi.

Fono yake, gramafoni ile ya kuzungusha kwa mkono, aliipata kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa anafunga duka. Kila Jumapili baada ya alasiri aliitoa barazani, akaiweka juu ya meza ya kukatia nguo, na ua wetu ukajaa: makarani, madereva, wanawake wa sokoni na mabeseni yao. Diski mpya zikifika, wenye maduka walimletea yeye kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho, macho amefumba, kidole gumba kinasugua upindo wa kanzu. Halafu anasema neno. Wimbo ukiwa mzuri: "Rudisha." Tunaupiga tena. Ukiwa mbaya: "Geuza." Diski inageuzwa upande wa pili, na ule wa kwanza habari yake imeisha. Ukimwuliza sababu, anakujibu, "Masikio si unayo?" Kesho yake neno limeshapanda baiskeli, liko Lusangi, liko Kabambare, liko kwa wachimba dhahabu wa Salamabila. Diski iliyoambiwa geuza pande zote mbili haikupata mnunuzi hata Mungu angeishusha mwenyewe.

Nilikuwa naona fahari, nisidanganye. Lakini alinichosha pia. Siku moja alionja sombe yangu ya majani ya muhogo akasema, "Geuza." Wallahi niligeuza sahani yote mapajani mwake! Akacheka, akaomba maji ya kunawa. Mutu wa namna hiyo utamfanya nini?

Taabu ililetwa na Lukumani, mdogo wake wa tumbo moja. Alikuwa na mwaka wa nne huko Léopoldville, akiimba kwa kampuni ya diski ya mzungu mmoja. Mama yao, Mama Waridi, alikaa kwetu. Miguu ilikuwa imemvimba, hakuweza kwenda mbali kuliko jiko. Kila asubuhi aliniuliza, "Lori ya Kindu imefika? Mutoto wangu haiko ndani?"

"Hayuko, mama."

"Angalia vizuri."

Kila asubuhi! Ilifika mahali nikisikia lori inanguruma, najificha nyuma ya jiko.

Siku hiyo lori ilileta kifurushi na barua. Sumaili alinisomea amesimama; yaya kwetu ni kaka mkubwa. "Yaya Sumaili, wamenitolea diski tatu, nyimbo sita. Uzipige Jumapili mbele ya watu, kama za mutu mwingine tu, halafu uniandikie neno la kila upande. Zote sita zikipendwa, basi kazi yangu huku imekwisha, nitarudi nyumbani. Zisipopendwa, nitabaki mpaka nitoe nzuri."

Nikamwambia papo hapo, "Umesikia? Geuza moja tu, na mama yako anakufa hajamwona."

"Faida, bado sijasikia hata moja."

"Kusikia kwa nini? Neno si linatoka kinywani mwako?"

Alikuwa na mwiko wake: hasikilizi diski kabla ya watu. Akazifunga ndani ya sanduku, na tangu hapo hakutulia. Alitoka kwenda sokoni, akarudi njiani. Alishona suruali ya mwalimu mmoja miguu yote miwili ya kulia, jambo ambalo halijawahi kutokea. Chakula alikigusa, akakiacha, akaenda kupangusa fono iliyokuwa safi tayari. Mimi nami sikutulia. Jumamosi nilimsimamia mlangoni nikamwambia, ukisema lile neno kesho, tafuta mke mwingine wa kukupikia. Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu huu.

Jumapili ua ulifurika. Mama Waridi tulimtoa nje na kiti chake. Raphaël, karani wa posta, mwanamume asiyekosa la kusema, alikaa mbele kabisa. Sumaili akaweka diski ya kwanza, akashusha sindano.

Ee Mungu wangu. Matarumbeta yalianza kwa fujo, kila moja linavuta kwake, na katikati yake sauti ya Lukumani, ndogo, kama mtu anayeimba ndani ya mtungi. Lingala ameitafuna nusu, kila mstari "chérie, chérie", mpenzi kwa Kifaransa. Mtoto wa Kasongo, aliyekuwa akiimba hapa, kila mtu anaacha kutwanga! Hata mama yake hakumtambua. "Huyu ni nani?" aliniuliza. "Wa kwetu ataimba lini?"

Wimbo uliisha. Watu wote wakamtazama Sumaili. Kidole gumba kilikuwa kimesimama juu ya upindo. Nilikuwa nyuma yake, nikamfinya bega, nikafinya kwa kucha.

"Rudisha," akasema.

Watu walipigwa na butwaa. Tukaupiga tena. Mara ya pili ulikuwa mbaya zaidi. Upande wa pili, matarumbeta yaleyale, chérie yuleyule. "Rudisha." Diski ya pili: "Rudisha," na tena "Rudisha." Wanawake walianza kujitwisha mabeseni. Wimbo wa tano ndio ulikuwa balaa, maana hapo hata ngoma ilipotea njia. Sumaili jasho linamtiririka, akasema kwa sauti kubwa, "Rudisha!"

Raphaël akasimama. "Bwana Sumaili, leo ni masikio yameziba, ao ni damu ya ndugu?"

Watu wakaangua kicheko, wakaanza kutoka. Nusu ya ua ilikuwa tupu Sumaili alipogeuza diski ya tatu kwa wimbo wa mwisho.

Huo haukuwa na matarumbeta. Ulikuwa na likembe tu, vile vyuma vidogo vinavyochezwa kwa gumba, na sauti ya Lukumani, wazi, kwa Kiswahili chetu. Aliimba habari ya mama anayepepeta mchele huku akigombana na kuku. Alimwiga kabisa: "Sha! Sha! Mumekula, hamushibi?" Mama Waridi alishika kifua. Akacheka, akalia, akacheka tena. "Ni mimi huyo! Ni mimi na kuku zangu!" Nami nililia, sioni aibu kusema. Katika miaka yote ya Jumapili zile sikupata kusikia kitu kama hicho.

Sumaili alifumbua macho. "Rudisha," akasema, na safari hii kidole gumba kilikuwa kinasugua upindo.

Hakuna aliyemwamini. Watu walikuwa wanasukumana mlangoni, wanacheka, wanamwiga: "Rudisha! Rudisha!" Akawakimbilia mpaka barabarani. "Ngojeni! Huu sikilizeni, huu ni wa kweli!" Raphaël akapanda baiskeli yake akasema, "Na zile tano zilikuwa za nini, bwana?" Akaenda zake, na neno likaenda naye.

Sumaili aliandika barua: rudisha sita. Nilisimama pembeni mpaka alipoifunga. Nikamwambia, "Umefanya vema." Akaichukua, akatoka nje.

Lukumani alirudi baada ya mwezi na nusu. Mama Waridi alimshika uso kwa mikono miwili, hakutaka kumwachia hata ale. Vigelegele nilipiga mimi mwenyewe. Siku ya pili Lukumani alitembea sokoni, akarudi mapema. Alikuwa amepita dukani, akakuta diski zake zote, vumbi juu. Hakuna mtu aliyekuwa anaimba wimbo wake hata mmoja.

"Yaya," alimwuliza Sumaili, "walipenda upi?"

"Zote."

"Yaya, niangalie. Upi?"

Sumaili alisimamisha cherehani. "Ule wa mama na kuku. Nyingine tano..."

Lukumani alikaa chini, palepale sakafuni, juu ya vipande vya nguo. "Tano zile alinilazimisha muzungu. Alisema nyumbani hawataki likembe, wanataka matarumbeta. Nikamwambia, kule kwetu kuna mutu mmoja, yaya yangu, hapendelei mutu. Tumwulize. Akisema geuza tano na rudisha moja, utaniacha niimbe namna yangu. Muzungu akakubali. Akangojea barua yako kama mimi."

"Kwa nini hukuniandikia hayo?" Sumaili alisema.

"Ningekuandikia, ungesema kwa kunihurumia." Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Nilimpelekea barua bila kuifungua, nilivyokuwa na hakika. Akaisoma, akanipiga begani. Akasema, umeona? Sasa tutengeneze kumi za matarumbeta. Nilikataa, akanifukuza. Ule wa kuku alisema ni bahati tu."

Mimi nilikuwa mlangoni na chai. Nilitaka kusema, ni mimi, ni kucha zangu. Nikaweka chai chini, nikarudi jikoni. Nilisema jioni yake, mbele yao wote wawili, nikilia. Lukumani akajibu, "Basi, shemeji, imekwisha," kwa upole, na upole huo ulinichoma kuliko matusi.

Hakurudi Léopoldville. Mama Waridi alikuwa naye miaka miwili mizima, akamfia mikononi, na kwa hilo bado nashukuru. Alimwomba wimbo wa kuku mara nyingi. "Kesho, mama," Lukumani alimjibu kila mara. Fono ilibaki ndani. Jumapili watu hawakuja tena.

Sumaili alimfundisha kushona. Walikaa cherehani mbili, bega kwa bega, hawagombani, wanapeana mkasi kwa adabu. Siku moja Lukumani alimaliza koti lake la kwanza, akalining'iniza dirishani penye mwanga. Sumaili aliliangalia mbele na nyuma. "Limekaa vizuri sana," akasema.

Lukumani alilishusha, akavuka chumba nalo, akaja kwangu jikoni.

"Shemeji," akasema, na Sumaili anasikia, "wewe uniambie. Mukono huu umekaa sawa?"

Nilifuta mikono. Niliutazama ule mkono. Nyuma ya bega ulikuwa umejikunja, kidogo tu, mwingine asingeona. Sumaili alikuwa ameinamisha kichwa juu ya mashine, lakini gurudumu halizunguki.

"Fumua," nikamwambia.