Maji Safi kwa Meya

Don Wílbert Canul alikuwa fundi vioo wa mji mdogo wa Hunucmá kwa miaka arobaini na mmoja, na siku aliyostaafu hakutaka saa ya ukutani wala karamu. Alitaka kioo kimoja tu, kile kinene cha dirisha la duka la viatu karibu na soko, kilichopasuka pembeni kikatupwa uani. Akakipakia kwenye baiskeli ya magurudumu matatu, akakikata vipande vitano, akaviunganisha kwa gundi viwe tangi la samaki. Tangi lilipokauka akaliweka sebuleni, mahali ambapo mkewe, doña Addy, alikuwa ameshapapangia meza ya Bikira Maria.

"Na Bikira nimweke wapi sasa, juu ya friji?" doña Addy akauliza.

"Juu ya friji ataona nyumba nzima."

Kwa jibu hilo don Wílbert alijipakulia chakula mwenyewe kwa siku tatu, na hata maharage na nyama ya nguruwe ya Jumatatu aliyala akiwa peke yake mezani. Lakini tangi halikuhama.

Mwanzoni alijitia ujuaji. Alikwenda mjini Mérida akanunua majani ya majini, mekundu laini ya kupendeza, na kwa wiki mbili yakayeyuka yote kama karatasi kwenye mvua. Akanunua mengine, nayo yakafuata njia ile ile. Maji ya kisima chake ni magumu, yamejaa chokaa. Ukiosha glasi ukaiacha ijikaushie, inabaki na madoa meupe, na bomba la kuogea huziba matundu yake kila baada ya miezi michache. Mzee akakaa akafikiri, na alipomaliza kufikiri akaenda zake kwenye mifereji ya barabara ya Sisal, ambako maji hububujika kutoka kwenye jiwe lile lile la chokaa. Huko akang'oa majani marefu membamba kama utepe, yaliyozaliwa na maji hayo na hayajui mengine. Chini ya tangi akatandika udongo mweupe, juu yake kokoto, akayapanda. Mwezi wa tatu yalikuwa yamefika juu na kujikunja, na machipukizi yanatembea chini ya kokoto kwa raha zao.

Kazi ya tangi ilikuwa ya Jumamosi. Anateka ndoo tatu kisimani, anaziacha zitulie ukumbini mpaka maji yake na maji ya tangi yawe na joto moja, kisha anatoa theluthi ya maji ya zamani na kutia mapya. Ule ukoko mweupe unaojijenga kwenye ukingo wa kioo aliusugua kwa nusu ya danzi, lile chungwa chungu la kupikia, na ukoko ukachemka povu na kutoka. Madanzi yenyewe aliyaiba jikoni kwa mkewe.

"Danzi langu la nyama liko wapi?" doña Addy alikuwa akiuliza.

"Labda Bikira amelichukua. Si yuko karibu huko juu?"

Samaki nao walitoka kwenye mifereji ile ile, wale ambao dume lao lina pezi la mgongoni pana kama tanga, lenye madoa ya rangi ya lulu. Porini pezi hilo husimama hata ukasahau njaa. Tangini hunywea. Jirani yao don Rusel, ambaye hakuwahi kufuga hata kuku lakini ana maoni kuhusu kila kiumbe, alimwambia siku ya kwanza kabisa.

"Usijichoshe, bwana. Pezi halisimami ndani ya kioo. Baba yangu alijaribu, na baba mdogo naye akajaribu. Utapata vijisamaki vya supu."

Kwa zaidi ya miaka kumi don Rusel alikuwa sahihi, na hilo lilimuuma don Wílbert kuliko alivyotaka kukiri. Alitaka kuona pezi moja tu limesimama sebuleni mwake kabla hajafa, basi. Ndipo akazaliwa Meya, humo humo tangini. Walimpa jina hilo kwa sababu ya tumbo lake na vile alivyopita akikagua kila kona bila kufanya kazi yoyote. Alipofika mwaka na nusu pezi lake lilikuwa kubwa kuliko la baba yake na babu yake. Alikuwa bado hajalifungua lote, ila asubuhi moja alilifungua nusu, na don Wílbert akatoka nje kupumua.

Wiki hiyo hiyo maumivu yakamkamata kiunoni. Walimkimbiza hospitali Mérida, wakamkuta na mawe mawili kwenye figo, wakamlaza siku tisa.

Pale kwetu kila mtu anajua mawe ya figo yanatoka wapi. Maji ya kisima ni ya kuoga, kufua na kumwagilia miti. Ya kunywa huletwa kwenye madumu makubwa na gari linalopiga honi, yamesafishwa mpaka hayana chokaa wala ladha. Daktari alisema mgonjwa anywe maji safi, mengi, na doña Addy akarudi nyumbani kubadilisha nguo akiwa na maneno hayo kichwani. Akasimama mbele ya tangi. Akamwona Meya anafungua mdomo na kufunga, anafungua na kufunga, akinywa mchana kutwa maji yale yale yaliyomlaza mumewe. Moyo ukamwuma. Hakuwahi kulipenda lile tangi, lakini alijua mzee wake anampenda nani humo ndani. Akakunja mikono, akatoa maji ya kisima yote, akamimina maji ya dumu. Madumu yake manne hayakutosha, akaazima mengine kwa don Rusel.

Siku ya tisa don Wílbert aliingia mlangoni akiwa ameshika kiuno, hata kofia hakuivua, akaenda moja kwa moja kwenye tangi. Samaki majike wawili hawakuwepo tena. Majani marefu yalikuwa yamegeuka rangi ya chai na kukatika. Meya alikuwa pembeni amebana mapezi yote, anatikisika pale pale bila kwenda popote, kama mtu mwenye homa.

"Umewafanya nini?"

"Nimewapa maji mazuri," doña Addy akasema kwa fahari. "Ya dumu. Wasije nao wakapata mawe."

"Addy! Hawa wanaishi kwa chokaa! Miaka kumi na miwili, mwanamke, miaka kumi na miwili! Umeniulia!"

Hakuwahi kumpigia kelele namna ile. Doña Addy alikwenda jikoni, kisha akatoka uani, na mlango wa nyuma ukafungwa taratibu, jambo lililokuwa baya kuliko kuubamiza.

Don Wílbert akaingia jikoni kutafuta maji aliyoagizwa na daktari. Madumu yote kwenye kibao yalikuwa matupu. Akachukua birika ambalo mkewe huchemshia maji ya kahawa, birika ambalo halikuwahi kutiwa maji mengine ila ya dumu, akalifunua. Ndani lilikuwa jeupe.

Akapitisha kidole. Ukoko huo aliujua. Ameusugua kila Jumamosi kwa miaka kumi na miwili.

Akarudi kwenye madumu akayahesabu, akayatazama tena. Wiki ile, kama don Rusel alivyomweleza baadaye, gari la maji lilikuwa limeharibika na halikupita kabisa. Doña Addy, ambaye aliogopa maji ya kisima kuliko nyoka, alikuwa amewapa samaki maji yote safi ya nyumba, na mwenyewe akanywa ya kisima, karibu siku tisa, akiamini kabisa kwamba anajipandia mawe tumboni. Don Wílbert akakaa kwenye kiti cha jikoni, akalia. Haikuwa figo.

Alimkuta uani, amekaa kwenye ukingo wa kisima.

"Mama, nisamehe. Nimebwata kama mbwa."

"Atakufa?"

"Meya? Sijui. Akibadilishiwa maji ghafla tena, atakufa. Inatakiwa kidogo kidogo, kibuyu kimoja kila saa. Na mimi wamenikataza kuinua ndoo."

Doña Addy akafuta uso kwa pindo la gauni lake, akashika kamba ya kisima.

"Niambie kibuyu cha ukubwa gani."

Kwa siku tano alimimina yeye, na mzee akiwa kitini anahesabu. Alijifunza kukata majani yaliyooza bila kung'oa mzizi, kufunga udongo mweupe kwenye kitambaa na kuutumbukiza kidogo, kuacha ndoo zitulie ukumbini. Siku ya tatu Meya akaacha kutikisika. Siku ya tano akala. Baada ya wiki tatu majani mapya ya kijani yakatoka chini, na danzi likawa linaletwa sebuleni bila kuibwa.

Jumapili moja don Rusel alikuwa amekuja kunywa kahawa, na doña Addy akapita mbele ya kioo akiwa na gauni lake lililotariziwa maua ya njano. Meya akatoka kwenye majani. Akajipinda, akatetema, na pezi likapanda. Likapanda lote mpaka ncha, limejaa madoa ya lulu, refu kuliko mwili wake. Don Rusel akasahau kumeza.

"Mmeona!" doña Addy akapiga makofi. "Ananijua! Anakumbuka maji mazuri niliyompa."

Don Rusel akafungua mdomo acheke, akamgeukia jirani yake amsikie akieleza habari za chokaa, kama alivyozieleza kwa kila mtu Hunucmá kwa miaka kumi na miwili.

Don Wílbert hakulitazama tangi hata kidogo, alikuwa anamtazama mkewe.

"Kweli, mama," akasema. "Hajasahau."

Akainuka polepole, akaenda jikoni, akamletea glasi ya maji ya dumu.