Dume la Mahari Ndani ya Simu

Kuna wakati niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa cheti changu cha masomo ya jioni juu yake, kwamba ukipiga picha kitu chako kwa ile programu ya kutafutia wauzaji wa jumla, basi umeshakiuza. Fundi simu mmoja wa stendi ya Bariadi ndiye aliyenihakikishia. Alisema mzee mmoja wa Lingeka alipiga picha kiti chake cha uvivu ili ajue bei ya vingine kama hicho. Wiki haikuisha, lori likasimama mlangoni, wakashuka watu na karatasi zao, wakambeba mzee pamoja na kiti kwa sababu alikataa kuinuka.

"Alirudishwa?" nilimwuliza.

"Bado," alisema fundi, akaendelea kufungua simu ya mtu.

Tatizo ni kwamba alinisimulia hayo wakati mimi nimeshapiga picha.

Nilikuwa nauza vitu mtandaoni, vitu vya kawaida, chupa za chai na mashuka, na wafugaji walikuwa wakiniuliza kengele za ng'ombe. Waliuliza mpaka simu ikapata joto. Dada mkubwa wa mchumba wangu, ambaye ana duka la viatu mjini na mzigo wake wote anauagiza nje, aliniwekea ile programu. "Gusa alama ya kamera, shemeji," alisema, "piga picha kengele, itakuletea viwanda vinavyouza kwa jumla." Basi nilipokwenda nyumbani Nkololo nikaenda zizini kupiga picha kengele. Kengele ilikuwa shingoni mwa dume, na dume halikutaka utani. Nilipiga picha nikirudi kinyumenyume, sikuangalia nini kimeingia.

Nilichelewa kuitazama. Niliifungua kesho yake mjini, nikiwa nimetoka kwa fundi, na moyo ukashuka mpaka kwenye soksi. Programu ilikuwa imeacha kengele, imeshika dume. Kioo kizima kilijaa madume, na la kwanza kabisa lilikuwa lile la baba: jekundu, doa jeupe kwenye paji, limegeuza shingo vilevile. Chini yake bei, na maneno: lipo, tayari kusafirishwa.

Sasa uelewe lilikuwa dume gani. Wakwe walikuwa wamekuja wenyewe kuchagua ng'ombe wa mahari, wakazunguka zizi lote wakakubali wengine kwa shingo upande, ila lile walilipapasa mgongo wakacheka. Lilikuwa la kuondoka Jumamosi. Likikosekana hilo, mchumba hakuna. Mimi nisingeweza kumwambia baba kwamba ng'ombe wake nimemwuza kwa kidole.

Nilirudi Nkololo siku hiyohiyo. Nikawa mlinzi wa zizi. Pikipiki ikilia barabarani, naacha chakula nakimbilia zizini. Mama alidhani nina malaria, akanipikia uji. Nilijaribu kuifuta programu, lakini nikaogopa zaidi: wakija na karatasi zao, mimi nitawaonyesha nini?

Asubuhi ya pili nikasikia lori. Lilikuwa kubwa kama kanisa, naapa, na lilipunguza mwendo mbele ya boma letu. Dereva akatoa kichwa dirishani akaanza kuuliza kitu. Sikusubiri kusikia. Nilifungua zizi, nikamfunga dume kamba, nikamtoa kwa nyuma kupitia kwenye ua wa minyaa, tukakimbilia nyuma ya mawe makubwa yaliyo karibu. Kwa kweli yeye ndiye aliyekimbia, mimi niling'ang'ania kamba.

Nikiwa pale nimemkumbatia shingo, nikimwomba asitingishe kengele, nikasikia mwano. Ni yowe la Kisukuma la wizi wa ng'ombe, na likipigwa kila mwanaume anaacha alichoshika. Nilitambua sauti. Alikuwa baba. Likajibiwa upande wa pili, kisha kila upande. Ndipo nilipoelewa wanamtafuta mwizi gani. Nilitaka kupiga kelele "ni mimi," nikaona hayo ndiyo maneno mabaya kuliko yote.

Sungusungu, walinzi wa kijiji, walinikuta nimekaa chini na kamba mkononi, baba akiwa nao. Fimbo zilikuwa nyingi mpaka zikaleta kivuli.

"Ng'wanawane, mwanangu," alisema mtemi wao, taratibu, na upole huo ndio ulionitisha. "Unamwibia baba yako?"

"Namficha, mzee. Wamekuja kumchukua na lori."

"Lori la pamba? Limeuliza njia ya ghalani, limeondoka."

Nikatoa simu nikawaonyesha. Baba aliitazama ile picha muda mrefu. "Huyu ni wetu," alisema. Sungusungu mmoja akageuka kutazama barabara.

"Nani alikupa mdudu huyu?" akauliza mtemi. Nikamtaja shemeji. "Mpigie. Weka sauti kubwa."

Nikampigia, nikamweleza yote, nikamtumia na ile picha. Aliniambia nisubiri, akaitafuta kwenye programu yake.

"Nani yuko hapo na wewe?"

"Baba na sungusungu wote," nilisema.

"Shikamooni wazee. Nisikilizeni. Ile kamera inatafuta bidhaa zinazofanana na ulichopiga picha, basi. Haiuzi kitu chako wala haitumi mtu kwako. Na hao mnaowaona si ng'ombe, ni sanamu za plastiki za kuweka nje ya hoteli. Imeandikwa hapo chini, shemeji, ungeshusha kidogo ungesoma. Mrudishe dume zizini, Jumamosi tunakuja kumchukua."