Chanzo Kinahitajika

Kila Jumamosi nilikuwa nakaa kwenye chumba cha nyuma cha maktaba moja ndogo mjini Nakuru, nikiwafundisha watu kuandika kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuandika na mtu yeyote anaweza kufuta. Sehemu ya pili ya maelezo hayo nilikuwa naisema kwa sauti ya chini. Watu walikuja kwa sababu ya ile ya kwanza.

Sikuanza kwa nia ya kufundisha mtu. Nimezunguka maisha yangu yote: nilizaliwa Gilgil, nikamaliza kidato cha nne Nakuru, nikachuma chai upande wa Olenguruone, nikauza mbegu za viazi, nikarudi, nikaondoka tena. Siku moja nikiwa mbali na huko kote, kwenye kibanda cha chai, mvua ikinyesha, nilishikwa na hamu ya Olenguruone nikaitafuta kwenye simu. Nilikuta mstari mmoja tu ukisema ni mji nchini Kenya. Nikaongeza siku ya soko. Nikaongeza ukungu unaoshuka mchana hadi mtu anasikia kengele za ng'ombe bila kuwaona ng'ombe. Kesho yake ukungu ulikuwa umefutwa. Siku ya soko iliachwa, lakini mbele yake palikuwa pamebandikwa maneno mawili kwenye mabano: chanzo kinahitajika. Nilikasirika wiki nzima, kisha nikajifunza sheria zao. Miaka sita baadaye nilikuwa mimi ndiye ninayebandikia wengine maneno hayo.

Wageni wengi walikuja mara moja tu. Mwanamume mmoja anayeuza vipuri vya magari aliandika kuhusu mtaa wake, akaanza kwa kuwasalimu wasomaji na kuwauliza hali zao, akamaliza kwa kuweka jina lake na la mkewe kama barua. Nilipomwambia kwamba makala haisalimii wala haina sahihi, aliniangalia kama niliyemwambia aingie nyumba ya watu bila kubisha. Wengine waliandika kuhusu mchungaji wao, au shangazi aliyewasomesha. Kufikia Jumatatu kazi yao ilikuwa imefutwa. Nilikuwa nawatumia ujumbe wa kuwatia moyo, naona wameusoma, na hakuna jibu. Nilifika mahali nikipanga viti nilikuwa najua ni nani atakayevunjika moyo kwanza.

Mwalimu mmoja wa kike alikuja asubuhi ya mvua, viatu vikiwa na udongo mweupe wa upande wa Kariandusi, mahali wanapochimba ule mwamba laini kama chaki. Alikuwa amestaafu kufundisha watoto wa chekechea. Alikuwa amepita miaka sitini, na miwani yake ilining'inia kwa uzi wa sufu shingoni. Alitoa daftari lililojaa mwandiko mkubwa, ulionyooka, wa mtu aliyezoea ubao.

"Kijana," aliniambia, "mimi sikuja kujifunza kompyuta. Nimekuja kuandika kitu kimoja, halafu niende."

Nilikuwa na miaka arobaini na minne. Msichana wa chuo aliyekaa karibu naye alicheka. "Mathe, huyu si kijana. Angalia hiyo kipara."

"Kwangu ni kijana," alisema mwalimu. "Na wewe, kaa vizuri."

Kitu chenyewe kilikuwa kisima. Kijiji chake kiko kwenye ukingo juu ya Kariandusi, katika ardhi iliyokuwa shamba la mzungu. Shamba lilipogawanywa, familia zilipewa vipande vya ardhi bila tone la maji, na wanawake walikuwa wanashuka bondeni na kupanda na mitungi mgongoni. Kiangazi kimoja mama yake aliona nyasi mbichi chini ya mwamba wakati kila mahali palikuwa pamekauka. Yeye na wanawake wengine watano walichimba hapo kwa majembe, siku baada ya siku, baada ya kazi za shamba. Wanaume walikuwa wanapita wakiuliza wanamchimbia nani kaburi. Mwalimu alikuwa mtoto, akibeba udongo kwa karai. Maji yalitoka, na hadi leo kijiji kinakunywa hapo.

"Wale sita wameisha," alisema. "Wa mwisho tulimzika mwaka jana. Wajukuu wangu wakitaka kujua kitu wanaangalia simu. Nataka wakiangalia wamkute mama yangu."

Tulifanya kazi hadi saa nane. Makala yake ilianza na "Bwana asifiwe", kama anayesimama kutoa ushuhuda kanisani, na ilichukua muda kumshawishi tuiondoe. Alishangaa pia kwamba hawezi kusema "sisi". Lakini alikuwa mwepesi kuelewa kuliko vijana, na mwishowe alibonyeza kuchapisha mwenyewe.

Siku tatu baadaye kila sentensi yake ilikuwa imebandikwa yale maneno mawili. Kabla sijampigia simu kumweleza, alikuwa ameshayajibu mwenyewe, nyumbani, kwa simu ya bintiye. Jumamosi iliyofuata alinionyesha kwa fahari. Palipoandikwa chanzo kinahitajika kando ya kisima, alikuwa ameongeza: "Chanzo cha kisima hiki kiko chini ya mwamba, upande wa mashariki, na hakijawahi kukauka." Kando ya kijiji: "Chanzo cha kijiji ni kugawanywa kwa shamba." Na kando ya mama yake na wenzake: "Chanzo ni mimi. Nilikuwepo."

Msichana wa chuo alicheka hadi akatoka nje. Mimi sikucheka. Kwa miaka sita nilikuwa nimeyaona maneno hayo mawili bila kuyasikia tena, na yeye alikuwa ameyajibu yote kikamilifu, kama mwalimu anayejaza fomu ya ofisi ya elimu.

"Mwalimu, hawaulizi kilianzia wapi," nilisema. "Wanauliza imeandikwa wapi. Kitabu, gazeti, kitu kilichochapishwa."

"Na mimi niliyebeba udongo?"

"Wewe huhesabiki."

Sikutaka isikike hivyo. Ndivyo ilivyosikika.

Jumatatu jioni mmoja wa wakabidhi, yaani wale wenye mamlaka ya kufuta, aliweka notisi: makala itaondolewa baada ya siku saba isipopatikana chanzo kilichochapishwa. Alikuwa mtu wa adabu. Aliniandikia, "Ndugu, unajua utaratibu." Nilikuwa naujua. Nilikuwa nimewahi kumwandikia mwenye vipuri maneno karibu hayo hayo.

Nilianza kutafuta, nikiwa nimechoka tayari. Nilikwenda Kariandusi kwenye lile eneo la mambo ya kale, ambako mashoka ya mawe ya watu wa zamani yamelala palepale yalipoachwa, na kuna mabango yanayoeleza jinsi watu hao walivyoishi. Nilimuuliza mtu wa langoni kama kuna maandishi yoyote kuhusu kisima cha juu. "Kisima ni ya juzi, boss," alisema. "Hapa ni vitu za kitambo." Nilikwenda Gilgil kwa mzee mmoja mwenye karatasi za chama cha ushirika kilichonunua shamba. Zilitaja ekari na mipaka. Maji hayakutajwa hata mara moja. Siku ya nne nilimpigia mwalimu kumwambia sijapata kitu.

Nilimsikia akimwambia mtu azime redio.

"Kuna kitabu cha kanisa," alisema mwishowe. "Cha jubilii. Lakini sikipendi."

Nilipanda kwake kesho yake. Alikitoa ndani ya mfuko wa plastiki, kutoka chini ya kitambaa cha kufuma kilichofunika meza. Kilikuwa kijitabu chembamba chenye picha za wachungaji na wanakwaya, kilichochapishwa vizuri, na jina la mpiga chapa nyuma. Kwa sheria zetu kilitosha kabisa. Alikifungua ukurasa wa tisa bila kutafuta, akanisogezea, akatazama dirishani. Iliandikwa kwamba kisima cha kijiji kilichimbwa na mzee wa kwanza wa kanisa, akisaidiwa na wanaume wa eneo hilo.

Naona aibu kusema kwamba kwanza nilifurahi. Nilitoa simu nikapiga picha ukurasa ule. Kisha nikausoma tena.

"Nani aliandika hii?"

"Mimi," alisema.

"Wewe?"

"Nilikuwa karani wa kamati. Mwenyekiti alikuwa mtoto wa huyo mzee. Na mzee mwenyewe alikuwa amekaa pale ukutani, anakula mkate, amezeeka, amefurahi tunaandika kitabu. Mtoto wake akasema, andika baba ndiye alichimba kisima. Wote wakanyamaza. Ningesema nini? Mzee anakula mkate." Alivua miwani. "Nikaona ni kitu kidogo. Kitabu ya kanisa, nani atasoma."

Jogoo aliingia mlangoni, mwalimu akamfukuza kwa mguu bila kumtazama.

Nilimweleza kilichowezekana. Tungetumia kijitabu kuthibitisha kwamba kijiji kipo na kisima kipo, basi. Mistari mitatu. Suala la nani alichimba tungeliacha.

"Na mtasema mmetoa wapi hiyo?"

"Lazima tutaje kitabu. Na ukurasa."

"Kwa hivyo mtu akitaka kujua zaidi, anaenda ukurasa wa tisa."

"Ndiyo."

"Anamkuta mzee."

"Ndiyo, mwalimu. Na mtu mwingine anaweza kuongeza jina la mzee kwenye makala, na sitaweza kumzuia, kwa sababu yeye atakuwa na chanzo."

Alifikiri. Nilijua mtu anavyoonekana anapokaribia kukubali kidogo badala ya kukosa kabisa. Nilikuwa nimewaona wengi, na nilikuwa nangoja uso huo.

"Wacha ifutwe," alisema.

"Ikifutwa hakuna kitu."

"Kisima iko."

"Wajukuu hawaangalii kisima, wanaangalia simu," nilisema, kwa ukali kuliko nilivyokusudia. "Ulitaka wamkute mama yako."

"Nilitaka wamkute yeye. Si huyu." Aligonga ukurasa kwa kidole. "Nilimfuta mara moja na kalamu yangu mwenyewe. Unataka nimfute mara ya pili na simu yako?"

Tulikunywa chai. Aliponisindikiza hadi njiani aliniomba nije kanisani Jumapili. Hakusema kwa nini.

Nilikaa nyuma. Wakati wa matangazo alisimama, akaenda mbele na kile kijitabu, akaomba kipaza sauti kutoka kwa karani wa sasa. Alisema kuna kosa ukurasa wa tisa, na kosa ni lake. Akasoma sentensi ile, akasema si kweli, kisha akawataja wale wanawake sita mmoja mmoja, kila mmoja kwa jina lake na jina la nyumba yake, mama yake akiwa wa nne. Alisema kila mmoja alikuwa anachimba upande gani. Mmoja alikuwa mjamzito, akawa anakaa juu kupokea udongo. Bibi mmoja kwenye benchi za mbele alisema "eeh" kila jina lilipotajwa.

Mwenyekiti wa zamani wa kamati ya kijitabu alikuwa amekaa mbele, mwenyewe mzee sasa, kofia magotini. Baba yake alishakufa. Watu walimwangalia. Aliinuka polepole.

"Mwalimu," alisema, "hiyo tulijua sisi wote. Hata baba alijua. Alikuwa anacheka hicho kitabu. Alikuwa anasema, hawa wamenipatia jembe nikiwa nimezeeka."

Kanisa lilicheka. Mwalimu hakucheka. Alisimama na kipaza sauti kama mtu aliyebeba mzigo mbali, akafika na kuambiwa angeweza kuuacha njiani.

"Sasa kama mlijua," alisema, "mbona mliniacha niandike?"

Mwenyekiti wa sasa alisema kamati itaangalia kama kijitabu kinaweza kuchapishwa upya. Karani aliandika hilo, na matangazo yakaendelea, kuhusu harusi na dipu ya kuogeshea ng'ombe.

Nje, kwenye jua, nilimuuliza kama nimwandikie mkabidhi tuongezewe muda, tungoje kijitabu kipya. Aliuliza kamati ya kanisa huangalia kitu kwa muda gani. Nilisema mimi si wa kanisa hilo. "Basi wewe una bahati," alisema, akaanza kushuka kwenda kwake, akiwa amemshika mkono yule bibi wa benchi za mbele.

Makala iliondolewa siku iliyotajwa kwenye notisi. Saa chache kabla ya hapo mkabidhi alikuwa ameniandikia, kwa adabu ile ile, kwamba anajua jinsi nilivyohangaika, na kwamba anaweza kuiacha nikimpa hata chanzo kimoja, kitabu cha kanisa, chochote. Nilikuwa nimekaa kwenye ukuta nje ya maktaba, na picha ya ukurasa wa tisa ilikuwa kwenye simu hiyo hiyo niliyoshika. Kuiambatisha kungechukua dakika moja.

Nilimjibu kwamba tumetafuta na hatujapata.