Kurasa Zilizogoma Kujipanga

Pale steshenari, mashine ya skana hakuna aliyethubutu kuigusa ila Mama Skana. Wateja ndio waliombandika jina hilo, naye akalipokea kwa mikono miwili. Ukimpa karatasi iliyokunjamana kama uso wa mtu aliyelala mchana, atakurudishia faili iliyonyooka, pembe zimekaa sawa, hata doa la chai limetoweka. Kwa hilo alijivuna, tena bila kificho.

Basi daktari alipomwambia mumewe kwamba macho yake yanafifia na hayatarudi, Mama Skana hakukaa kulia. Mumewe alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji mpaka alipostaafu. Wenzake walimwita Bwana Nukta, maana hakuna nukta iliyompita. Siku hiyo kwa daktari alisema neno moja tu: macho yaliyobaki atayatumia kusoma mpaka tone la mwisho. Mkewe akakata shauri. Vitabu vyote vya rafuni ataviingiza kwenye simu yenye kioo kikubwa, mumewe akuze herufi apendavyo.

Skana ile humeza karatasi mojamoja, si kitabu kizima. Kwa hiyo alivikata vitabu migongo, kimoja baada ya kingine, kurasa zikabaki zimelegea. Fundi wa kompyuta wa pale dukani, mwanamke asiyependa maneno mengi, akamchungulia.

"Dada, unazihifadhi kama picha? PDF tupu?"

"Sasa kama nini?"

"Zigeuze maandishi, utengeneze EPUB. Ukikuza herufi, mistari inajipanga upya ndani ya kioo. Picha haijipangi, dada. Ni picha."

"Hiyo EPUB yako nimeiona. Inavuruga kurasa, pambizo hakuna, namba hakuna. Mume wangu ni mtu wa kiwandani, anataka ukurasa ulivyochapwa."

Fundi akapandisha mabega, akarudi kwenye kazi yake. Karatasi zilizokatwa zikaishia sokoni, kufungia misumari na sabuni.

Bwana Nukta alipopewa simu aliipapasa kioo, akatabasamu, akasema kazi imenyooka. Tangu hapo kila jioni alikaa karibu na mlango wa jikoni akimsomea mkewe kwa sauti, naye mkewe akipika, roho yake kwatu. Alijiona amewahi. Alijiona amekuwa mjanja kuliko maradhi yenyewe.

Jioni moja alitoka kumpelekea maji, akasimama nyuma ya kiti. Bwana Nukta alikuwa akisoma kwa madaha, anapumua penye mkato, anashusha sauti penye nukta. Simu mkononi mwake ilikuwa imezimika, kioo cheusi tii. Akaendelea sentensi kadhaa, kisha akakwama, akakohoa.

"Tuishie hapa leo. Nimechoka."

"Simu imeisha chaji, mume wangu."

Bwana Nukta akainamisha kichwa.

"Tangu lini?" mkewe akauliza.

"Unaulizia simu au unaniulizia mimi?"

"Nakuulizia wewe."

"Tangu uliponiletea. Nikikuza herufi mpaka niione, mstari unatoka nje ya kioo. Nausukuma kwa kidole, nikifika mwisho sijui nilikotoka. Nikaitaka inisomee kwa sauti, ikasema 'picha', ikanyamaza. Lakini vitabu vile vingi nilivisahihisha mwenyewe, vimo kichwani. Visivyomo natunga."

"Unatunga!"

"Na wewe unaitikia. Nilikuona umefurahi mno, nikashindwa kukuvunja moyo."

Mama Skana alitaka kumkasirikia, akakuta hasira yote inamrudia mwenyewe. Alivikata vitabu vya mumewe kwa mkono wake, akampa picha za vitabu.

Kesho yake alimwendea fundi, safari hii bila majivuno. Programu ya kugeuza picha kuwa maandishi ilibabaika, kwa kuwa wino wa vitabu vile ulikuwa umepauka. Ikabidi Mama Skana arekebishe mstari kwa mstari, kila mapumziko, wiki hadi wiki. Alianza na kitabu ambacho mumewe alikipenda kuliko vyote. Nyumbani alimwona mumewe akitafuta kikombe kwa kupapasa meza, akamwona akijigonga bega mlangoni. Alizidisha kasi tu.

Kitabu kilipokamilika alikimbia nacho nyumbani mchana, jua limejaa sebuleni. Akazikuza herufi zikawa kama vidole gumba, na mistari ikajipanga yenyewe, hakuna neno lililotoka nje.

"Haya, soma."

Bwana Nukta akaisogeza simu karibu na pua, akaigeuzia dirishani. Safari hii hakutunga.

"Naona weupe."

"Subiri." Akakuza mpaka neno moja likajaza kioo. "Na sasa?"

"Weupe tu."

"Sasa hivi inaweza kukusomea kwa sauti, ukitaka."

"Kusikiliza nitasikiliza. Nilitaka kusoma."

"Ungeniambia!" Sauti ya Mama Skana ilipasuka, akalia waziwazi. "Miezi yote ile macho yalikuwepo. Ungeniambia siku ya kwanza, ungevisoma!"

"Na wewe ungeniuliza, mke wangu," alisema Bwana Nukta bila ukali. "Kabla hujakata."

Akanyoosha mkono amrudishie simu. Aliunyoosha upande ambao mkewe hakuwepo.