Jiwe la Kuvutia Burek

Dafina alipika burek, ule mkate wa matabaka ya unga mwembamba wenye jibini au nyama ndani, miaka ishirini na mbili, na yote hiyo kwenye meza za watu. Kila tanuri la mikate alilopitia pale mjini Prilep lilikuwa na meza ya bati la stenlesi, maana bwana afya akiingia anataka kitu cha kufuta mara moja kiishe. Safi, sawa. Lakini asubuhi ya Januari bati linauma vidole, na ukilipiga unga linalia kama sufuria tupu. Kwa hiyo alipopata kibanda chake mwenyewe, karibu na soko la pilipili, alisema kabla hata ya kufagia: bati humu haliingii.

Alitaka mbao. Wifi yake Rusa, mwenye mdomo kama wembe, akamwambia mbao itakunywa mafuta, na baada ya wiki mbili itanuka soksi za mchunga kondoo. Dafina hakubisha. Burek yake inavutwa kwa mafuta, hainyunyiziwi unga mkavu.

Ndipo mumewe Blagoja akasema hiyo meza wamwachie yeye.

Blagoja ni mkata mawe. Miaka thelathini alikata marumaru nyeupe ya milima ya kwao, ikaenda kwenye mabenki na mahoteli na makaburi ya wakubwa, na kwake hata kizingiti ni saruji. Sasa vumbi limemkaa mapafuni, daktari kamkataza mashine, anashinda dirishani kama paka mzee. Siku ile Dafina alimwona anatoka na futi kwenda kupima kibanda, anapiga mluzi. Nani angekuwa na moyo wa kumzuia?

Wiki tatu alikuwa uani na bamba la marumaru, kitambaa puani, maji yanatiririka, anasugua kwa mkono. Siku tatu kabla ya kufungua, wanaume sita walilibeba wakaliweka kibandani. Lilikuwa linang'aa kama kisima. Blagoja akainama juu yake, akajitengeneza masharubu. Mafundi wa pale wana sheria yao: jiwe ambalo huwezi kujitazama ndani yake ukanyoa ndevu, bado hujalimaliza.

Akaondoka amevimba kwa raha. Dafina akapaka mafuta, akatoa donge la kwanza.

Burek inataka meza iushike unga kidogo. Unalipiga donge, unalirusha, linatua limepanuka, halafu unavuta kingo moja moja, na kila ukingo ubaki pale ulipouacha, mpaka donge zima liwe jembamba kama ngozi ya kitunguu. Hapa kingo zilirudi. Akivuta huku, kule kunakimbia. Aliharibu madonge manane. Mtu kang'arisha meza ya unga kama ukuta wa benki, na alifanya hivyo kwa mapenzi. Utamgombeza vipi?

Rusa aliingia akakuta lile rundo la unga uliochanika.

"Mwambie, wifi."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba amekuchongea kaburi zuri."

Dafina alimtoa nje kwa mgongo wa mti wa kusukumia unga, na hakuwa anatania. Kisha akaenda kwa seremala, akaazima ubao, akaulaza juu ya jiwe. Mbao inuke ikinuka. Yule mwanaume hakuwa amepiga mluzi miaka miwili.

Kesho yake Blagoja alikuja mchana na vikombe viwili vya kahawa. Akauona ubao. Akaweka kahawa chini, akainua ubao upande mmoja, akatazama jiwe lake, akaurudisha taratibu.

"Jiwe lina kosa gani?"

"Halina kosa."

"Dafina. Hujui kudanganya, hukuwahi kujua."

"Linateleza. Unga hauna pa kushika. Ni zuri mno, Blagoja."

Blagoja akauliza lishike kiasi gani. Kifundi tu, kama anauliza kipimo cha ngazi. Dafina hakujua kipimo chake. Akauchukua mkono wa mumewe, akakipitisha kile kiganja cha magaga juu ya mkono wake yeye, kuanzia kiwiko hadi vidoleni.

"Hivi," akasema. "Likishika hivi, basi."

Blagoja akaenda nyumbani, akarudi na ndoo ya maji na msasa wa chembe kubwa, ule wa kuanzia kazi. Akauweka ubao kando, akapiga magoti juu ya jiwe na kuanza kuuondoa ule mng'ao wa wiki tatu, shibiri kwa shibiri. Kikohozi kilipombana, Dafina alimnyang'anya msasa. Blagoja akamwonyesha: usikandamize, zungusha. Wakapokezana hadi jiwe likawa jeupe butu kama jibini, halijui tena sura ya mtu.

Dafina akaosha, akapaka mafuta, akarusha donge. Likatua. Akavuta ukingo mmoja, ukabaki. Akavuta wa pili, ukabaki. Akazunguka meza, akabakiza ukingo mmoja tu, na unga ukawa mwembamba hadi mishipa ya kijivu ya jiwe ikaonekana chini yake. Blagoja alisimama kando, mikono nyuma, kama mtu aliyeingia kanisani na viatu vichafu.

"Njoo ushike ukingo huo wa mwisho," Dafina akamwambia.

"Nitachana."

"Hutachana. Polepole tu, huo si jiwe."

Blagoja akaushika ukingo kwa vidole viwili, akabana pumzi, akavuta. Ukabaki.